Msanifu wa Mitambo: Anayelipwa Kufikiri Kabla Chuma Hakijakatwa

Ukanda unaoambatana na Barabara ya Nyerere, ambayo wakazi wengi wa zamani wa Dar es Salaam bado huiita Barabara ya Pugu, umejaa shughuli za chuma. Kuanzia karakana za Gerezani, kupitia viwanda vya Chang'ombe na eneo la SIDO la Vingunguti, hadi Gongo la Mboto na Pugu yenyewe katika Wilaya ya Ilala, watu hukata, huchomelea na kukereza vyuma kutwa nzima, na kazi zao huonekana kila mahali: mageti, matangi, mikokoteni, mashine za kukamua mafuta, vinu vya kusaga na kukoboa. Mikono yenye ustadi haikosekani katika ukanda huo, wala mashine za lezi hazikosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni hatua inayopaswa kuzitangulia zote, yaani usanifu wa mtambo, pamoja na mtaalamu anayeifanya kazi hiyo kama shughuli yake ya kila siku na anayelipwa kwa ajili yake.

Mhandisi msanifu wa mitambo ni mtu anayeamua, kwa hesabu na kwa mchoro, umbo la kila kipande cha mtambo, malighafi yake, vipimo vyake, namna kitakavyotengenezwa na namna kitakavyoungana na vipande vingine, kabla kipande chenyewe hakijakuwapo. Zao la kazi yake ni fungu la michoro, hesabu na maelezo ambayo fundi asiyemfahamu, katika karakana ambayo yeye hajawahi kuikanyaga, anaweza kuyasoma na kutengeneza kitu kilekile kilichokusudiwa. Baadhi ya wahandisi hawa huajiriwa na kiwanda na kushughulikia bidhaa za kiwanda hicho kwa miaka mingi. Wengine hufanya kazi katika kampuni za ushauri wa usanifu, ambazo hazina bidhaa yao wenyewe bali huuza utaalamu kwa yeyote mwenye tatizo la mtambo na fedha za kulipia ufumbuzi wake.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mhandisi wa kiwandani huijua mashine moja kwa undani na hukaa nayo hadi izeeke, ilhali mhandisi wa ushauri huweza mwezi huu kusanifu kikaushio cha dagaa, mwezi ujao mkanda wa kupandishia magunia ghalani, na baadaye kiti cha magurudumu, akilazimika kila mara kujifunza biashara ya mteja kwa haraka kiasi cha kuweza kumuuliza maswali ambayo mteja mwenyewe hajawahi kujiuliza. Saa zake huandikwa kwenye jedwali na kugawanywa kwa kila mradi, kwa kuwa kampuni huishi kwa kuuza saa hizo. Siri za wateja hufungwa kwa mikataba. Na mara nyingi hukabidhi michoro kisha asiuone tena mtambo alioubuni, jambo ambalo wengi wao hulitaja kuwa kasoro kubwa ya kazi hii.

Biashara ya namna hii ina historia ndefu nje ya Afrika. Cambridge Consultants ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1960, na huko California, mwaka 1980, kampuni ya Apple ilipotaka kipanya cha kompyuta ambacho kingeweza kutengenezwa kwa wingi na kwa bei ya chini, kazi hiyo ilipewa ofisi ndogo ya usanifu ya Hovey-Kelley, ambayo baadaye ilikuwa chimbuko la kampuni ya IDEO. Karibu zaidi, shirika la ApproTEC, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1991 na baadaye kuitwa KickStart, lilisanifu pampu za kukanyaga kwa miguu zilizouzwa kwa jina la MoneyMaker kwa wakulima wadogo wa Kenya, Tanzania na kwingineko. Ugumu wa kazi hiyo haukuwa katika kusukuma maji, kwa sababu kanuni ya pampu ya pistoni ni ya kale mno, bali katika kupata pampu ambayo mkulima wa kawaida angeweza kuinunua, kuibeba hadi shambani na kuitengeneza inapoharibika bila kumtafuta fundi.

Nchini Tanzania usanifu wa mitambo ulianza kama jukumu la Serikali. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, mwaka ambao pia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, liliundwa; kisha, chini ya Mkakati wa Viwanda vya Msingi uliopangwa kutekelezwa kati ya mwaka 1975 na 1995, Bunge lilipitisha sheria za kuunda TIRDO mwaka 1979 kwa ajili ya utafiti wa viwanda, TEMDO mwaka 1980 kwa ajili ya uhandisi na usanifu wa mitambo, na CAMARTEC mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na teknolojia vijijini. TEMDO, yenye makao yake Arusha, ndiyo iliyokaribia zaidi kuwa ofisi ya ushauri wa usanifu ya taifa zima, na miongoni mwa mitambo iliyotoka katika meza zake za kuchorea ni mashine za kukamua mafuta ya alizeti, viteketezi vya taka za hospitali, vitanda vya wagonjwa na vifaa vya machinjio. CAMARTEC nayo ilisanifu mtambo wa biogesi wenye kuba la matofali ambao ulienea nchini na baadaye kuwa msingi wa modeli iliyotumika Kenya. Hakuna aliyebeba kuba la matofali kulivusha mpaka wa Namanga. Kilichovuka ni mchoro, na hiyo ndiyo faida ya usanifu isiyoonekana kwa macho.

Ili kazi yenyewe ieleweke, inafaa kuufuata mtambo mmoja kutoka kwenye ombi la mteja hadi kwenye karatasi ya mwisho. Pugu ina mnada mkubwa wa mifugo, na pembeni yake wapo watu wanaofuga na kunenepesha ng'ombe, kwa hiyo mashine ya kukatakata majani na mabua ya mahindi kwa ajili ya lishe ni mfano usio wa mbali. Mteja akifika katika ofisi ya ushauri, kwa kawaida husema anataka mashine ya kukata majani, na pengine huonyesha picha ya ile aliyoiona kwa jirani. Kwa msanifu hilo bado si hitaji, na siku za kwanza za mradi hutumika kuligeuza liwe hadidu za rejea, yaani maandishi yanayotaja kwa tarakimu kile ambacho mashine itapaswa kufanya: kilo ngapi kwa saa, majani mabichi au makavu, vipande vya urefu gani, nani ataiendesha, itahamishwa au itakaa mahali pamoja, na umeme uliopo ni wa njia moja au njia tatu. Swali la umeme peke yake linaweza kubadili mashine yote, kwa kuwa mota kubwa huhitaji umeme wa njia tatu, na mahali ambapo laini hiyo haijafika msanifu hulazimika kurudi kwenye injini ya dizeli pamoja na mitetemo, moshi na gharama zake.

Ikikubalika kwamba umeme wa njia tatu upo na kwamba mota ya kilowati 7.5 inayozunguka mara 1,440 kwa dakika inatosha, hesabu za shafti huanza. Shafti ni mhimili unaozunguka na kubeba gurudumu lenye visu. Mota hiyo hutoa msokoto, yaani nguvu inayoisokota shafti, wa takriban newtoni-mita 50, na puli zikiupunguza mwendo kwa nusu hadi mizunguko 720 kwa dakika, msokoto huongezeka maradufu na kukaribia newtoni-mita 100. Kwa chuma cha kawaida kilichoruhusiwa kubeba mkazo wa megapaskali 40, kiwango kinachoacha akiba ya kutosha, hesabu hutoa kipenyo cha milimita 23 na ushei. Hata hivyo mabua hayaingii kwenye visu kwa utulivu, kwani kuna fundo gumu, kuna fungu lililosukumwa kwa pupa, na siku nyingine kuna jiwe, hivyo msanifu huuzidisha msokoto kwa mbili na kupata milimita 29.4. Msomaji atatambua hapa jambo linalofaa kukumbukwa: mzigo umeongezeka maradufu lakini kipenyo kimeongezeka kwa takriban robo tu, ndiyo maana milimita chache zilizowekwa mahali panapostahili hununua usalama mwingi kwa fedha kidogo. Kisha huongezwa posho ya mtaro unaochongwa kwenye shafti kwa ajili ya kabari ya kushikia puli, pamoja na uzito wa gurudumu unaoipinda shafti, na mwishowe huchaguliwa milimita 35. Namba hiyo haitoki kwenye hesabu peke yake. Milimita 35 ni kipenyo cha beringi ya UCP207, ambayo huuzwa tayari ikiwa ndani ya nyumba yake ya chuma cha kusubu na hupatikana katika maduka ya spea, na msanifu mwenye busara hachagui kipimo kitakachomfanya mfugaji aagize beringi kutoka ng'ambo.

Hesabu ya pili ndiyo ambayo jicho la fundi, hata likiwa zuri kiasi gani, haliwezi kuifanya. Shafti inayozunguka ikiwa imebeba uzito hupinda kidogo mno, na katika kila mzunguko upande uliokuwa ukivutwa hugeuka kuwa upande unaobanwa. Kwa mizunguko 720 kwa dakika, shafti hiyo hupitia mageuzi hayo mara 43,200 kwa saa, na hutimiza mara milioni moja baada ya saa 23 za kazi, yaani chini ya wiki moja kwa mfugaji anayeitumia mashine kwa saa nne kila siku. Chuma kinachobeba mzigo mkubwa mara moja bila tatizo huweza kukatika kwa mzigo mdogo uliorudiwa mara milioni, hali ambayo wahandisi huiita uchovu wa chuma, na ufa wake huanzia karibu kila mara kwenye kona kali, mahali ambapo kipenyo cha shafti hubadilika ghafla au ambapo mashine ya kuchomelea iliacha kovu. Ndiyo sababu mchoro wa msanifu hudai kona ya shafti ikerezwe kwa mviringo mdogo wa milimita mbili hivi, kijambo ambacho fundi asiyejua sababu yake hukipuuza kwa urahisi. Na ndiyo sababu pia mashine iliyofanya kazi vizuri siku ya majaribio, mbele ya wageni waalikwa, huweza kuvunjika wiki ya pili.

Visu navyo vina hesabu yao. Gurudumu la kipenyo cha milimita 600 likizunguka mara 720 kwa dakika, ukingo wake husafiri kwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na kisu cha kilo 1.2 kilichofungwa milimita 200 kutoka katikati huvutwa kwenda nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 140. Bolti zinazokishika kisu hicho, kwa hiyo, hazichaguliwi kwa kuangalia zipi zimebaki kwenye kopo la karakana. Mdomo wa kulishia majani nao ni suala la viungo vya watu, kwa kuwa mashine za namna hii zimekata mikono sehemu nyingi duniani. Viwango vya kimataifa vya usalama wa mitambo hutaka sehemu ya hatari iwe umbali wa angalau milimita 850 pale ambapo mkono mzima unaweza kupita kwenye uwazi wa kati ya milimita 40 na 120, na msanifu huurefusha mdomo huo kwa kuzingatia hoja hiyo hata kama mteja atalalamika kwamba bati limeongezeka.

Baada ya hesabu huja michoro, na hapa ndipo kompyuta inapoingia. Programu kama SolidWorks, Inventor au FreeCAD, ambayo hutolewa bure, humwezesha msanifu kuujenga mtambo mzima kwenye skrini, kuuzungusha, kukagua kama vipande vinagongana, na hata kuugawanya katika maelfu ya vipande vidogo vya kihesabu ili kuona ni wapi mkazo unarundikana. Programu hizo zimeleta pia udanganyifu wake, kwa kuwa picha yenye rangi nzuri humshawishi mteja na wakati mwingine humshawishi hata mhandisi kijana kwamba kazi imekwisha. Kinachomfikia fundi kinapaswa kuwa mchoro wa utengenezaji, wenye vipimo vyote pamoja na ustahamilivu wa kila kipimo, yaani tofauti inayoruhusiwa kati ya kilichoandikwa na kilichotengenezwa. Tundu la gurudumu linaloingiliana na shafti ya milimita 35, kwa mfano, huweza kuruhusiwa kuzidi kwa milimita 0.025 tu, kiasi ambacho ni chini ya nusu ya unene wa unywele, ilhali urefu wa mguu wa fremu unaweza kuzidi au kupungua kwa milimita mbili bila madhara yoyote. Kujua ni wapi pa kudai usahihi na ni wapi pa kuulegeza ndicho kipimo halisi cha ukomavu wa msanifu, kwa sababu kila usahihi unaodaiwa hulipiwa katika saa za mkerezaji.

Kwa nini, basi, huduma hii haijaenea katika karakana za Dar es Salaam? Jibu rahisi ni kwamba mteja hulipia chuma anachokiona na huona uchungu kulipia karatasi. Kwa kuwa karatasi haina bei, mashine mpya huzaliwa kwa kunakili mashine ya zamani, mara nyingi iliyotoka China au India, na anayenakili hupima kipande kilichokwisha kulika, kwa hiyo hunakili na ulikaji wake. Asipokuwa na uhakika huongeza unene wa bati, na mashine huwa nzito na ghali pasipo kuwa imara zaidi mahali panapovunjika. Si haki kuwatupia mafundi lawama hiyo, kwani wanafanya kile ambacho soko linawalipa. Haki nyingine inapaswa kutendeka upande wa pili pia: si kila kitu kinahitaji mhandisi, na anayetaka geti moja la nyumba yake Pugu Kajiungeni hana sababu ya kulipia hesabu za uchovu wa chuma. Gharama ya usanifu hugawanywa kwa idadi ya mashine zitakazotengenezwa. Kwa mashine moja inaweza kuonekana kubwa kupita kiasi, kwa mashine 50 huwa ndogo, na pale ambapo mtu anaweza kuumia inalipwa hata kwa mashine moja.

Kutokana na hali hiyo ya soko, wahandisi mitambo wengi walio katika kampuni za ushauri jijini hawasanifu mashine kabisa, bali mifumo ya majengo: viyoyozi, mabomba ya maji safi na maji taka, pampu na mabomba ya kuzimia moto, lifti, na mifumo ya gesi za tiba katika hospitali. Kazi hiyo ina wateja wa uhakika kwa sababu sheria na mamlaka, likiwamo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, hudai michoro kabla ya kibali. Hali hiyo inathibitisha kwamba mteja wa Kitanzania hulipia karatasi bila manung'uniko makubwa pale anapolazimika, na kwamba tatizo la usanifu wa mashine si umaskini pekee bali pia kutokuwapo kwa mtu anayeiulizia michoro hiyo.

Anayetaka kuingia katika fani hii huanza na shahada ya uhandisi mitambo, inayotolewa na vyuo kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kisha husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyo chini ya sheria ya mwaka 1997, kwanza kama mhandisi mhitimu. Mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi, ambayo Bodi iliyawekea mpango maalumu kuanzia mwaka 2003, huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kupanda kuwa mhandisi mtaalamu, na ngazi ya mhandisi mshauri huja baadaye. Vyeti hivyo ni vya lazima, lakini ofisi nzuri za usanifu huangalia pia kama kijana amewahi kushika grenda, kwa sababu asiyejua kifaa cha kuchomelea kinahitaji nafasi gani ndani ya kona huchora viungo ambavyo hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuvifikia.

Suala la michoro lina uzito hata katika mitambo mikubwa kuliko ya kukatia majani. Reli ya kisasa yenye kituo Pugu, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ilijengwa na Yapi Merkezi ya Uturuki na vichwa vyake vya treni vya umeme vilitengenezwa Korea Kusini na Hyundai Rotem. Hakuna aibu katika kununua kilichosanifiwa na wengine, kwani mataifa yote hufanya hivyo, lakini mtambo wowote unaomilikiwa bila michoro yake humfunga mwenye mtambo kwa mtengenezaji kila spea inapohitajika, awe ni shirika la umma au ni mfugaji mwenye ng'ombe wawili.

Kwa hiyo anayeagiza mashine itakayotengenezwa zaidi ya mara moja, au mashine itakayozunguka karibu na mikono ya watu, na adai mambo manne yaandikwe katika mkataba kabla ya kutoa malipo ya awali: hadidu za rejea zenye tarakimu, hesabu zilizosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa, fungu zima la michoro ya utengenezaji pamoja na orodha ya vifaa, na kifungu kinachosema michoro hiyo itakuwa mali ya nani baada ya kazi kukamilika. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 huilinda michoro kama kazi ya mtunzi wake, na mkataba usipotaja lolote mteja anaweza kujikuta ana mashine mkononi lakini hana haki ya kuagiza ya pili kutoka kwa fundi mwingine.